Harufu Inayosema Kweli: Mafunzo Niliyopata kwa Asidi Butiriki kati ya Voi na Milima ya Taita

Nafundisha kemia katika shule ya upili mjini Voi, na nyumbani kwetu, juu kule upande wa Wundanyi, tunafuga ng'ombe wa maziwa. Maisha yangu yamegawanyika kati ya joto la nyanda za chini na ukungu wa milimani, na kitu kimoja ambacho nimekikuta pande zote mbili ni asidi butiriki. Wanafunzi wangu wanaijua kwa jina la asidi butanoiki, ile yenye kaboni nne katika orodha wanayoikariri kidato cha nne. Wafugaji wengi hawana jina la kuiita, lakini hakuna asiyeijua kwa pua. Ndiyo inayonuka kwenye samli iliyochacha, kwenye matapishi, kwenye saileji (lishe ya mifugo iliyovundikwa) iliyoharibika.

Naandika kwa sababu naona watu wakipoteza mali kwa kuidharau harufu hii. Pipa la lishe linafunguliwa, linanuka, na ng'ombe anatiliwa vivyo hivyo. Samli inanuka, inachanganywa na nyingine mpya ili harufu ipungue. Ilhali pua imeshatoa taarifa kamili: kwamba maji yalizidi, au kimeng'enya fulani kilipata nafasi, au bakteria wa aina moja wamewashinda wa aina nyingine. Anayeisikiliza taarifa hiyo anajua la kufanya msimu ujao.

1. Asidi hii hainuki mpaka ifunguliwe

Ikiwa peke yake, asidi butiriki ni kimiminika kisicho na rangi, chenye mafutamafuta, kinachochemka karibu na nyuzi 164 na kuganda kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Huchanganyika na maji kwa kiasi chochote. Molekuli yake ni ndogo, C4H8O2, na udogo huo ndio unaoiwezesha kuruka hewani hadi puani kwa urahisi.

Sasa hapa ndipo pana jambo ambalo kila mwaka nalifundisha kwa furaha. Katika mafuta ya maziwa ya ng'ombe, asidi butiriki huwa kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito. Kwa hiyo katika kilo moja ya samli mna gramu 30 au 40 za kitu ambacho tone lake moja tu linaweza kuwatoa wanafunzi darasani. Mbona basi samli nzuri inanukia? Kwa sababu asidi hiyo haiko huru. Imeshikamana na gliseroli, pamoja na asidi nyingine mbili ndefu zaidi, na zikiwa tatu pamoja huwa nzito mno kuruka. Harufu huanza siku kifungo hicho kinapokatwa. Vinavyokikata ni maji, joto, muda, na hasa kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho kimo ndani ya maziwa yenyewe na hutengenezwa pia na bakteria na ukungu.

Lipasi imo hata tumboni mwetu. Ndiyo maana mtoto mchanga akicheua maziwa baada ya muda, harufu huwa kali kuliko ya maziwa aliyonyonya. Nimewahi kumweleza jambo hili mama mmoja kijana aliyekuwa na wasiwasi kwamba maziwa yake yana kasoro. Hayakuwa na kasoro yoyote. Tumbo la mtoto lilikuwa limeanza kazi yake.

Aliyeitenga asidi hii kwanza ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul. Aliigundua kwenye siagi mwaka 1814, ikiwa bado haijasafishwa vizuri, na mwaka 1823 akachapisha kitabu chake kikubwa kuhusu mafuta ya wanyama, ambacho ndicho kilichoweka msingi wa yote tunayoyajua kuhusu mafuta na sabuni. Alizaliwa 1786 akafa 1889, na nawaambia wanafunzi kwamba mtu huyu aliishi hadi kuuona mnara wa Eiffel ukisimamishwa Paris.

2. Samli huharibiwa na maji kabla ya kuharibiwa na umri

Jirani yetu mmoja wa Voi hutengeneza samli kwa maziwa yanayotoka kwa wafugaji wa upande wa Maungu. Hakusoma kemia, lakini sijaona mtu anayeidhibiti asidi butiriki kwa ustadi kama wake.

Akishapata siagi, huiosha kwa maji baridi, akiikanda na kumwaga maji, akirudia hadi maji yatoke maangavu ya kuonekana chini. Hayo maji meupe-maziwa anayoyamwaga ndiyo yamebeba protini na sukari ya maziwa, chakula cha bakteria. Kisha anaiweka siagi jikoni kwa moto mdogo. Povu hupanda, na sufuria huanza kutatarika. Wengi hapo hutazama rangi. Yeye husikiliza. Mtatariko ule ni maji yanayotoka ndani ya mafuta, na muda wote sufuria inapopiga kelele, maji bado yamo. "Ikinyamaza, mwalimu, imeiva," aliniambia. Wakati huo masimbi ya chini yameshageuka rangi ya kahawia na harufu imekuwa tamu. Anachuja kwa kitambaa kikavu, anamimina kwenye chupa zilizokaushwa juani, na kijiko kilichotoka majini hakiruhusiwi kamwe kugusa samli yake.

Kila hatua hapo ina maana. Kuosha kunapunguza vijidudu na chakula chao. Moto unaiua lipasi. Kukausha maji kunaondoa kile ambacho kingekikata kifungo cha asidi butiriki. Katika mji ambao mchana hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, samli yake hukaa miezi mingi rafuni bila friji. Ya mwenye haraka, aliyeiepua sufuria ingali inapiga kelele, huanza kunuka mapema.

Uko uharibifu mwingine wa mafuta, ule wa mwanga na hewa, lakini harufu yake ni tofauti. Hukaribia ya rangi ya kupaka ukutani. Ukiinusa hiyo, lawama ni ya chupa inayopitisha mwanga au kifuniko kilicholegea. Ukinusa matapishi, lawama ni ya maji na vijidudu.

Na hapo hapo kwenye samli pana njia ya kumkamata mdanganyifu. Mafuta ya mimea hayana asidi butiriki. Tangu mwaka 1879, mkemia Reichert alipobuni kipimo kilichoboreshwa baadaye na Meissl, maabara huchukua gramu 5 za mafuta, zikazivunja, zikavukiza asidi ndogondogo na kupima ni mililita ngapi za alkali zinazohitajika kuzizimua. Samli halisi ya ng'ombe hutoa namba inayopita 20 na mara nyingi kukaribia 30. Mafuta ya nazi hayafiki 10. Mafuta mengi ya kupikia hayafiki hata 2. Anayeuza mafuta ya kupikia yaliyotiwa rangi na manukato akayaita samli hawezi kuificha namba hiyo. Mtu anayelipa bei ya samli kwa ajili ya pilau ya harusi au biriani ya Idi anastahili kupata samli, na ningependa kipimo hiki kifanywe mara kwa mara masokoni kote Pwani.

3. Saileji yenye asidi butiriki imeshaliwa kabla ng'ombe hajaionja

Hili ndilo funzo ninalolijali kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Milimani kwetu mabingobingo huota kwenye kingo za matuta na majani ni tele mvua ikinyesha. Kiangazi kikifika, mambo hubadilika. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020, mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, ulionyesha nchi nzima jinsi mifugo inavyokwisha pasipokuwa na akiba. Tangu hapo watu wengi wamejifunza kutengeneza saileji, kwenye mapipa, kwenye mashimo yaliyotandikwa nailoni, na kwenye mifuko mirefu inayofaa kwa mwenye ng'ombe wawili watatu. Najivunia kuona hivyo. Kinachoniuma ni kuona kazi hiyo yote ikigeuka uvundo.

Kinachotokea ndani ya pipa ni mashindano. Majani yakikatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa, oksijeni iliyobaki huisha upesi. Baada yake bakteria wa asidi laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa ya mala, huanza kula sukari ya majani na kutoa asidi inayoshusha pH hadi karibu na 4. Katika uchachu huo karibu kila kijidudu husimama, na lishe inakaa miezi hata miaka. Lakini humo humo wamo klostridia, bakteria wa udongo na samadi, wasiotaka oksijeni kabisa. Ni kwa kuchunguza uchachushaji wa butiriki ndipo Louis Pasteur, mwaka 1861, alipotangaza kwamba viko viumbe vinavyoishi bila hewa, jambo ambalo wengi wakati huo hawakulidhania. pH ikichelewa kushuka, klostridia huichukua ile asidi laktiki iliyokwisha kutengenezwa na kuigeuza asidi butiriki.

Tazama hesabu yake. Molekuli 2 za asidi laktiki, zenye uzito wa 180, hutoa molekuli 1 ya asidi butiriki yenye uzito wa 88. Zaidi ya nusu imepotea, ikawa kaboni dioksidi na haidrojeni. Isitoshe, asidi iliyotoka ni dhaifu kuliko iliyoingia, kwa hiyo pH inapanda badala ya kushuka, na klostridia wengine wanapata mlango wa kuvunja protini hadi kuwa amonia. Mfugaji aliyelipa vibarua, mashine, dizeli na nailoni anakuta protini imekuwa hewa.

Sasa kwa nini hutokea zaidi kwetu? Mabingobingo mabichi yana maji karibu asilimia 80, na sukari yake ni kidogo. Hayo mawili pamoja ndiyo klostridia wanayoyapenda. Dawa ya kwanza ni kuyaanika majani kabla ya kuyakata vipande, yafikie maji ya asilimia 65 hadi 70. Na hapa maelezo ya vitabuni hayatoshi, kwa sababu kaunti yetu moja ina hali ya hewa nyingi. Voi au Mwatate, saa chache za jua na upepo zinatosha, na ukiyaacha kutwa nzima yatakauka kupita kiasi hata yasishindilike. Wundanyi au Mgange, ukungu wa asubuhi ukikawia, hata siku nzima huenda isitoshe. Kwa hiyo mwamuzi awe mkono: chukua konzi ya majani yaliyokatwa, kamua kwa nguvu. Maji yakidondoka kati ya vidole, bado. Donge likikaa kidogo kisha likafunguka polepole na kiganja kikabaki na unyevu tu, shindilia. Donge likitawanyika papo hapo, yamekauka mno. Changanya na mabichi.

Dawa ya pili ni sukari. Kilo 3 hadi 5 za molasi kwa kila kilo 100 za mabingobingo, iliyoyeyushwa kwa maji machache sana na kunyunyizwa tabaka kwa tabaka, huwapa bakteria wa laktiki mwanzo mzuri. Mahindi na mtama vina sukari ya kutosha vyenyewe. Havihitaji molasi vikikatwa wakati punje zimeanza kukaza. Kwa nyanda za chini mimi nautetea mtama, maana huvumilia jua la Voi ambalo mahindi hayaliwezi.

Ya tatu ni usafi wa udongo. Kata majani upana wa kiganja juu ya ardhi, usiburute mizigo kwenye matope, wala usikate shamba lililomwagiwa samadi mbichi juzi. Viini vya klostridia vimo udongoni na kwenye mavi, navyo hustahimili karibu kila kitu.

Siku ya kufungua, fikicha lishe kidogo mkononi mpaka ipate joto, kisha nusa. Saileji nzuri ina uchachu mtamu unaotoka mara moja na kwisha. Ikiwa harufu inabaki vidoleni hata baada ya kunawa, hiyo ndiyo asidi butiriki. Tazama na rangi: kijani-manjano ni heri, kijani-zeituni yenye utelezi si heri. Jirani yangu mmoja wa milimani aliniletea konzi ya aina hiyo akiuliza, "Mwalimu, hii imeharibika ama ndivyo inavyokuwa?" Tulifukua pamoja na kukuta tabaka la chini tu, pale maji yalipotuama, ndilo lililoharibika, sehemu ya juu ilikuwa safi kabisa. Akalitupa la chini kwenye mbolea, na tangu hapo hutoboa tundu dogo la kutolea maji chini ya pipa, analolizibua kwa muda mfupi na kuliziba tena barabara.

Lishe ya butiriki asipewe ng'ombe aliyekaribia kuzaa wala aliyetoka kuzaa. Na ikiwa kuna panya aliyekufa ndani ya pipa, asipewe mnyama yeyote hata kidogo, kwa sababu hapo hofu huwa ni sumu ya botulinamu inayoua.

4. Ng'ombe mwenyewe ni kiwanda cha asidi hiyo hiyo

Baada ya kusema hayo, mtu ataniuliza kama asidi butiriki ni sumu kwa ng'ombe. La. Katika tumbo lake la kwanza vijidudu huchachusha nyasi na kutoa asidi tatu ndogo: asetiki kwa wingi, kisha propioniki, kisha butiriki, ambayo mara nyingi huwa asilimia 10 hadi 15 ya jumla. Hizo asidi ndizo zinazompa ng'ombe takriban asilimia 70 ya nguvu zake. Ukuta wa tumbo huipokea butiriki na kuigeuza kuwa mojawapo ya zile ketoni zinazozunguka damuni. Ng'ombe aliyetoka kuzaa, anayetoa maziwa mengi kuliko anachokula, tayari damu yake ina ketoni nyingi, na ukimwongezea butiriki ya saileji mbovu unamsukuma kwenye ugonjwa wa ketosisi, ambapo hukataa chakula, hukonda, na pumzi yake hutoa harufu tamu ya asetoni. Hapo mwite daktari wa mifugo.

Ndovu wa Tsavo tunaowaona kando ya barabara kuu na reli, wekundu kwa udongo wetu, hufanya uchachushaji huo huo, ila wao huufanyia nyuma, kwenye utumbo mpana. Chakula hupita upesi na zaidi ya nusu yake hutoka bila kusagwa. Kwa hiyo lazima wale kutwa kucha, na shamba la mkulima wa Sagalla liko njiani.

5. Kwenye utumbo wetu, asidi hii ni chakula

Chembe zinazofunika ukuta wa utumbo mpana wa binadamu hupata takriban asilimia 70 ya nguvu zao kutoka kwa butiriki. Haziipati kwa samli tunayokula, kwa kuwa hiyo humeng'enywa juu kabla ya kufika. Huipata kwa bakteria wanaochachusha kile ambacho sisi tumeshindwa kumeng'enya: nyuzinyuzi za maharagwe, kunde na mbaazi, na ile wanga sugu ya ndizi mbichi, muhogo, na ugali uliolala. Ugali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga hujipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa, ikashuka hadi chini kwa bakteria.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia ya elimu hii. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyokuwa mengi Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana na uvimbe wa kidole tumbo, yalikuwa machache sana kwa watu wa vijijini aliowatibu. Miaka ya 1970 akaueneza ulimwenguni mfululizo wa hoja kwamba siri ilikuwa nyuzinyuzi za chakula. Wakati huo nafasi ya butiriki haikuwa imeeleweka vizuri. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa na Stephen O'Keefe liliwabadilishia chakula, kwa wiki mbili, Wamarekani weusi na watu wa vijijini Afrika Kusini. Wamarekani waliokula nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, butiriki yao iliongezeka mara 2 na nusu. Waafrika waliohamia chakula cha Kimarekani, yao ilishuka kwa nusu. Wiki mbili tu.

Namfikiria mtu wa hapa kwetu. Kimanga, kile chakula cha Kitaita cha kuponda maharagwe pamoja na muhogo au ndizi, kina karibu kila kitu ambacho bakteria wa butiriki wanakihitaji. Siku hizi naona wanafunzi wakiona haya kukileta shuleni, wakapendelea chipsi za stendi. Naona pia vidonge vya butiriki vikiuzwa mtandaoni kwa bei ya kutisha. Afadhali sufuria ya maharagwe. Aliye na ugonjwa wa utumbo amsikilize daktari wake. Lakini mwenye afya hana sababu ya kununua kwa chupa kile ambacho kunde za Taveta zinakitengeneza bure.

6. Kinachonuka hugeuka nanasi

Kila mwaka nafanya jaribio hili na kila mwaka darasa huduwaa. Matone machache ya asidi butiriki kwenye neli, ethanoli kidogo, matone mawili ya asidi sulfuriki kali, kisha neli kwenye maji ya moto. Mwanzoni madirisha yote yako wazi na mashati yameziba pua. Baada ya dakika kadhaa namimina kwenye bilauri ya maji baridi, na harufu ya nanasi lililoiva inajaa chumba. Hiyo ni esta, ethili butireti, na ndiyo inayotiwa kwenye peremende na vinywaji vingi vya rangi vinavyouzwa madukani. Ukibadilisha alkoholi, unapata tufaha au aprikoti.

Viwandani asidi hii haitoki kwenye siagi. Hutengenezwa kwa gesi ya propeni inayotoka kwenye mafuta ya petroli. Hutumika kutengeneza manukato hayo, na plastiki ngumu inayong'aa ambayo mafundi huishika kila siku kwenye mipini ya bisibisi. Chumvi zake, kama butireti ya sodiamu, hutiwa kwenye chakula cha vifaranga na nguruwe wadogo kuimarisha utumbo, hasa tangu Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku mwaka 2006 antibiotiki za kunenepeshea mifugo. Kwa wafugaji wetu wa kuku ambao huchanganya antibiotiki kwenye maji bila ugonjwa wowote, habari hiyo ingefaa itangazwe kwa sauti.

7. Mbu naye anainusa

Jasho na ngozi yetu vina asidi ndogondogo za ukoo huu. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, walichapisha mchanganyiko wa harufu bandia wa kuwanasa mbu wa malaria, wenye kaboni dioksidi, amonia, asidi laktiki na asidi nyingine kadhaa, butiriki ikiwamo. Kutoka mbali mchanganyiko huo uliwavuta mbu wengi kuliko binadamu halisi. Ila ulipowekwa karibu na mtu, mbu walimchagua mtu. Nawasomea wanafunzi matokeo hayo kwa sababu yalipatikana katika mazingira ya kwetu, na Mkenya, si kwa sababu yametupa dawa ya kumaliza malaria. Bado tulale ndani ya neti.

8. Magadi huikamata

Asidi butiriki kali huunguza ngozi na macho. Ishikwe kwa glavu na miwani, dirisha wazi. Ikimwagika, usiisugue kwa sabuni kwanza. Inyunyizie magadi, yale yale ya Ziwa Magadi, yaliyoyeyushwa majini, kwa kuwa ni alkali. Asidi hugeuka chumvi, na chumvi hairuki hewani, kwa hiyo harufu hukatika. Kwa mikono iliyoshika saileji mbovu, tumia bikaboneti ya kuokea, ambayo ni laini zaidi kwa ngozi. Usimalizie kwa siki au ndimu; asidi hizo zitaifungua tena.

9. Mwatate ina hazina isiyotumika ipasavyo

Ukitoka Voi kwenda Taveta unapita katikati ya mashamba ya mkonge ya Mwatate, ambayo ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki. Jani la mkonge hutoa nyuzi kama asilimia 4 au 5 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi, na makapi yakirundikwa huchachuka bila hewa. Harufu inayotokana na uchachukaji wa namna hiyo ina asetiki, propioniki na butiriki, zile zile tatu za tumbo la ng'ombe.

Asidi hizo ni nusu ya safari ya kuelekea kwenye bayogesi. Ndani ya mtambo, kundi la kwanza la bakteria huvunja makapi hadi asidi, kundi la pili huigeuza butiriki kuwa asetiki na haidrojeni, na kundi la tatu hutoa methani. Kundi la tatu huenda polepole, na ukilisha mtambo kwa pupa, asidi hujaa na gesi hukoma. Fundi mzuri huligundua hilo kwa pua kabla ya kipimo. Tanga wameshaonyesha kwamba inawezekana: kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa makapi ya mkonge huko Hale ukazalisha umeme.

Nawapeleka wanafunzi wangu kwenye mitambo midogo ya samadi iliyoko majumbani mwa wafugaji wa milimani, wakaione methani ikiwaka kwa mwali wa buluu, na walinuse tope linalotoka upande wa pili. Halina tena ile harufu, maana asidi zimeshaliwa. Wanaporudi darasani nawapa swali la hesabu: tani moja ya makapi ya mkonge ingetoa gesi ya kupikia familia ngapi. Majibu hutofautiana, kwa sababu kila mmoja hukadiria unyevu wake kivyake, na hapo tunaanza kubishana kuhusu jinsi ya kuupima.